Gari Lililosimama Halipumziki

Wapo watu wanaodhani kwamba gari lililoegeshwa uani ni gari lililopumzika. Baba anapopata safari ya kikazi ya miezi mitatu, hulifunika turubai, akamwachia mama ufunguo, akaondoka moyo ukiwa mweupe. Kumbe gari lililosimama nalo huchakaa, ila huchakaa kimyakimya, na hasara yake hujulikana siku ya kuliwasha. Pengine ni usiku wa manane, mtoto ana homa.

La kwanza kudhoofika ni betri. Betri ya volti 12 ikijaa hupima kama volti 12.6. Ikiachwa hivi hivi huisha polepole, na sahani zake za risasi hushika ukoko mgumu ambao hata kuchaji hakuuondoi. Gari lisilotarajiwa kutumika mwezi mzima, na lifunguliwe waya wa hasi.

Matairi nayo hubonyea pale yanapokalia. Yajazwe upepo ipasavyo, na gari lisogezwe kidogo kila baada ya majuma mawili. Breki ya mkono isiachwe imevutwa, maana katika unyevunyevu wa miji ya pwani hushikana kwa kutu. Badala yake gari liwekwe kwenye gia na magurudumu yatiwe kabari; naye atakayeliwasha akumbuke kuitoa gia hiyo kwanza.

Wengi huwasha injini dakika tano kila Jumapili, wakidhani wametenda hisani. Kuiwasha hula umeme wa betri ambao dakika hizo hazitoshi kuurudisha. Tena injini isiyopata joto kamili huacha maji ndani ya oili na katika bomba la moshi. Heri gari liendeshwe barabarani nusu saa.

Jambo moja halina mzaha: injini isiachwe ikiunguruma ndani ya banda, hata kama mlango u wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu kabla hawajatambua. Gari lisukumwe nje, au litolewe mara tu linapowaka.

Siku ya kulitumia tena, tazameni kama panya wametafuna nyaya, pimeni oili na maji, na jaribuni breki kabla ya kuvuka lango.

Basi ndugu msafiri, unapokabidhi ufunguo, kabidhi na maarifa haya. Ufunguo peke yake haumfikishi mgonjwa hospitali.