Kilo Mbili za Usiku Mmoja Si Mafuta

Kasulu na Kibondo, kama kwingineko, wenye mizani nyumbani wana imani moja: namba ikipanda asubuhi, mtu kanenepa, ikishuka, kakonda. Imani hiyo ni potofu, na hesabu ndogo tu inaiumbua.

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Anayelalamika kuwa amenenepa kilo 2 tangu jana angepaswa kula zaidi ya kalori 15,000 juu ya mahitaji yake ya siku. Huo ni ugali wa zaidi ya kilo 4 za unga mkavu wa muhogo, tena mbali na milo yake ya kawaida. Muha gani wa huko, hata awe ameshinda shambani na jembe, amewahi kuumaliza?

Kilichoongezeka ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kimo tumboni. Lita 1 ya maji huongeza kilo 1 papo hapo. Dagaa waliokolea chumvi huufanya mwili uzuie maji. Wanga wa ugali huhifadhiwa kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hushikana na takriban gramu 3 za maji. Wanawake wengi huongezeka kidogo siku za kukaribia hedhi. Kwa upande wa pili, palizi ya juani hukausha kilo nzima kwa jasho, na hata aliyelala hupungua kwa pumzi na unyevu wa ngozi. Santorio, daktari wa Italia aliyejipima kwa miaka mingi, aliandika kuhusu upungufu huo mwaka 1614.

Wauzaji wa chai za kupunguza tumbo wanaishi kwa imani hii ya mizani. Nyingi huharisha au kukojoza. Mizani hushuka, mteja hufurahi, kisha maji yanarudi.

Ajabu ni kwamba mama anayehangaishwa na mizani ya nyumbani akiwa kliniki anajua kuwa kipimo kimoja hakitoshi. Kwenye kadi ya mtoto, muuguzi hasomi nukta moja. Anafuata mstari wa miezi.

Hata hivyo, mgonjwa wa moyo au figo akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, amwone daktari haraka. Hata hapo tatizo ni maji, si mafuta. Wengine wajipime asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu na si juu ya mkeka, kisha walinganishe wastani wa wiki na wiki.