Kukunja Si Kuvunja

Msomaji, wako waaminio kwamba kilebu aumaye vidole na kutafuna viatu ni mkorofi, tena dawa yake ni fimbo na mnyororo. Husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Naam, lakini kukunja si kuvunja! Tangu miezi 4 hivi hata 7, meno yake 28 ya utoto hung'oka, yakaota 42. Ufizi humwasha, naye hutafuta cha kutafuna. Ukimpiga, hajifunzi adabu, hujifunza hofu. Na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma, hata mtoto wa jirani. Mpe kamba nene atafune, kimbia naye asubuhi na jioni, msifu atendapo vema. Mshika fimbo ndiye wa kufunzwa kwanza.