Kusini hakuna upungufu wa moyo, kuna upungufu wa akiba

Kwa muda mrefu sasa wafanyabiashara wadogo wadogo wa Kilwa na Lindi wamekuwa wakiitwa kwenye semina na kuambiwa wabadili fikra. Huhimizwa wathubutu, wasiogope hasara, na wainuke kila wanapoanguka. Ushauri huo si mbaya, ila umebisha hodi mlango usio wake. Watu wa mwambao huu hawajawahi kupungukiwa na uthubutu.

Ushahidi ni jina lenyewe la mchuuzi. Neno "machinga", ambalo leo hutumika Tanzania nzima, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi linatokana na Wamachinga, watu wa mwambao wa Lindi. Vijana wa Kusini waliingia Dar es Salaam na kutembeza bidhaa mkononi katika miaka ambayo kazi hiyo haikuwa na heshima wala usalama. Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Wengi walirudishwa, na wengi wakaja tena. Waliotoka katika maisha hayo hawana haja ya kufundishwa kuinuka.

Kinachohitaji kujengwa ni tabia ya kuipigia hasara hesabu kabla haijafika. Katika pwani hii hasara ina njia tatu zinazofahamika: barabara, bei na bahari. Mfanyabiashara anayedumu ni yule aliyeitengea fungu kila moja kati ya hizo.

Tuanze na barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Lindi ulivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea magari yalikwama kwa siku nyingi. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa kero kwa miaka kadhaa kabla ya kutiwa lami. Lami ilipokamilika, wengi walidhani hesabu ya masika imefutwa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika maeneo kadhaa ya Wilaya ya Kilwa, na magari yakalala pande zote mbili. Katika hali kama hiyo mwenye samaki wa barafu hana cha kusubiri. Mwenye mkopo wa marejesho ya kila wiki naye hasubiriwi.

Bei nayo ina historia yake. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeingia mikorosho. Zao hilo lilifufuka polepole, baada ya salfa kupatikana na soko kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na minadani kilo moja ilivuka shilingi 4,000.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Wengi waliupigia hesabu msimu uliofuata kwa bei ya msimu uliopita. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani zilizokuwa chini ya shilingi 3,000. Novemba, Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Uhakiki wa mashamba ulifanyika, na malipo yaliwafikia wengi kwa kuchelewa.

Walioumia hawakuwa wakulima peke yao. Mwenye duka aliyekopesha sukari, khanga na mabati kwa ahadi ya "nitalipa msimu" alibaki na daftari lililojaa majina huku rafu zikiwa tupu. Aliyekopa kwa riba ya mwezi ili anunue korosho kwa kangomba alikuwa amecheza kamari mara mbili, dhidi ya bei na dhidi ya sheria. Wote hao walikuwa na moyo wa kuthubutu. Walichokosa ni shilingi za kuwavusha miezi mitatu au minne bila mapato.

Ama bahari, somo lake liko kwenye mwani, kazi inayofanywa zaidi na akina mama, Songosongo ikiwa miongoni mwa sehemu zake. Mwani aina ya kotonii una bei nzuri zaidi, lakini maji yakizidi joto huugua na kufa. Spinosamu una bei ya chini, ila huhimili zaidi. Mkulima anayefunga kotonii peke yake kwenye kamba zake zote anatafuta faida kubwa kwa kuweka rehani mtaji wote. Anayegawa kamba atapata kidogo mwaka mzuri, lakini mwaka mbaya atabaki na cha kuuza. Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaotazama bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023. Bandari hurahisisha kushusha samaki na kuwauza, lakini haizuii upepo wa kusi. Anayekopa kununua boti na azihesabu pia siku ambazo boti haitatoka.

Hata ukubwa wa mtaji haumwondolei mtu haja ya tahadhari. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji tajiri, lango la dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliukuta umestawi mwaka 1331. Wareno walipoushambulia mwaka 1505 na kuiingilia biashara ya dhahabu, utajiri ulioegemea mlango mmoja uliyumba. Yaliyoukuta mji yanaweza kulikuta duka.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kusini afanye nini? Kwanza, mtaji wote usilale kwenye mzigo mmoja. Chukua mfano wa mchuuzi wa samaki wakavu mwenye shilingi 1,000,000. Akizitia zote, safari moja iliyoharibika inamtoa sokoni. Akitia 600,000, faida ya kila safari itapungua kwa sehemu mbili katika tano, lakini mzigo ukipotea wote bado ana 400,000 za kuanzia. Hiyo faida anayoikosa ndiyo ada ya bima yake.

Pili, deni lilingane na umri wa mzigo. Mkopo wa marejesho ya kila wiki haufai kwa biashara inayolipa mara moja kwa msimu. Tatu, mapato yasifuate kalenda moja. Korosho huleta fedha kuanzia Oktoba hivi hadi karibu na mwaka mpya, na ufuta huanza kuuzwa Mei na kuendelea hadi katikati ya mwaka. Duka linalotegemea misimu yote miwili lina miguu miwili. Nne, kikundi cha vikoba kisiwe cha kukopa tu, bali mfuko wake wa jamii uwe na kitu cha maana siku mwanachama akipata janga.

Watakuwepo watakaouliza: mwenye kipato cha kula leo ataweka nini? Swali ni la haki. Jibu liko kwenye wiki za malipo, kwa sababu fedha za Kusini haziji kidogo kidogo, huja kwa mkupuo. Wiki hizo ndizo pia za harusi, ngoma na pikipiki mpya. Fungu la akiba likitolewa siku ile ile fedha zinapoingia, hata kama ni sehemu moja katika kumi, lina nafasi ya kubaki. Likisubiri shughuli ziishe, halibaki.

Hali kadhalika, maneno haya yasigeuzwe kisingizio. Madaraja yanayohimili masika na malipo ya mkulima yanayofika kwa wakati ni wajibu wa Serikali na vyama vya ushirika, na hakuna fikra ya mchuuzi inayoweza kuziba pengo hilo. Lakini mvua haitasubiri daraja likamilike, wala mwenye deni hatasubiri malipo ya mnada.

Semina ijayo, iwe Lindi mjini au Kilwa Masoko, ingefaa ianze na swali moja kwa kila mshiriki: mzigo wako ukipotea leo, kesho unaanza na shilingi ngapi? Asiye na jibu asiambiwe abadili moyo. Asaidiwe kupanga fungu la kwanza kabla msimu haujafunguliwa. Akiba haiozi.