Tusiisugue Historia Ikaisha

Wahenga walinena kuwa penye ukweli uongo hujitenga. Hawakukosea. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu jinsi sisi wenyewe tunavyoufukuza ukweli nyumbani, tena kwa sabuni na rangi ya viatu. Ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Nyumbani kwa nyanya mzaa mama, huko Taveta, kuna mkoba mdogo wa ngozi ambao tangu nizaliwe nimeuona umetundikwa ukutani. Sisi wajukuu tulidhani ni mkoba wa ugoro, maana ugoro ndio uliokuwa ndani. Kumbe ni ala ya bastola! Baba yake nyanya alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, katika kile kikosi ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps na watu wetu wakakiita Kariakor. Jina hilo bado liko Nairobi, na Dar es Salaam wanasema Kariakoo. Kulingana na nyanya, baba yake aliuokota mkoba huo karibu na kilima cha Salaita mwaka wa 1916, Wajerumani walipokwisha kuondoka. Nyanya husimulia hivyo hivyo kila mara, haongezi chumvi wala hapunguzi.

Basi likizo iliyopita mjomba alipata habari kuwa kuna watu wanaonunua vitu vya vita vya zamani. Binamu yangu alikuwa anadaiwa karo, kwa hivyo simlaumu mjomba hata kidogo. Alichofanya ni kuutoa ule mkoba ukutani, akausugua kwa maji moto na sabuni, akampelekea fundi wa viatu ashone mahali palipofumuka, kisha akaupaka rangi ya viatu mpaka ukang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Sote tulimpongeza.

Mnunuzi alipofika, mjomba alimwambia ati mkoba huo ulikuwa wa jenerali wa Kijerumani. Yule bwana hakubisha. Alifunua kifuniko, akamulika ndani kwa tochi, akapitisha kidole kwenye mshono. Halafu akauliza maswali matatu tu: Chapa ya aliyeutengeneza iko wapi? Mbona uzi huu ni wa nailoni? Na ni nani aliyesema ni wa jenerali? Mjomba alibaki kukuna kichwa. Mgeni alishukuru kwa chai, akaenda zake. Karo haikupatikana.

Jambo hilo lilinikera sana, nikaamua kusoma ili nijue yule bwana alikuwa anatafuta nini. Nimegundua kwamba wakusanyaji wa bastola za kale za kijeshi hufanya kazi kama ya mpelelezi. Chukua mfano wa bastola iitwayo Luger, ambayo jeshi la wanamaji la Ujerumani liliikubali mwaka wa 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka wa 1908. Kila moja ilipigwa nambari yake kiwandani, na tarakimu mbili za mwisho zikarudiwa kwenye vipande vidogo vidogo vyake. Mkusanyaji huvikagua kimoja kimoja. Kipande kikiwa na tarakimu nyingine, anajua kimetoka kwenye bastola nyingine. Akiona kingo za herufi zimelainika, au mashimo ya kutu yaliyofunikwa na rangi mpya nyeusi, anajua kuna mtu aliisugua.

Vifaa vyake pia vina ushahidi. Ala ya ngozi ya bastola hiyo ilikuwa na mfuko wa pembeni wa kubebea risasi za akiba, na ndani ya kifuniko kulikuwa na kijimfuko cha kifaa kidogo cha chuma cha kusaidia kujaza risasi. Aghalabu jina la fundi, mji wake na mwaka viligandamizwa kwenye ngozi yenyewe. Hiyo ndiyo chapa ambayo mgeni alikuwa anaitafuta, nayo kama ilikuwapo basi ilikwenda na maji ya sabuni. Na ule uzi? Nailoni ilivumbuliwa mwaka wa 1935. Fundi wetu wa viatu alishona kwa nia njema kabisa, lakini mkoba wa mwaka wa 1916 hauwezi kushonwa kwa uzi ambao haujazaliwa!

Hapana budi wakusanyaji wawe macho kwa sababu matapeli wako wengi. Mwaka wa 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza bastola 150,000 za aina ya Mauser C96 zenye kutumia risasi za milimita 9. Kwa kuwa bastola za awali za aina hiyo zilitumia risasi za milimita 7.63, tarakimu 9 kubwa ilichongwa kwenye mpini na kutiwa rangi nyekundu, askari asije akakosea. Leo wakusanyaji wanazipenda hizo zenye 9. Kwa hivyo mwenye tamaa huchukua kisu, akachonga 9 yake kwenye bastola ya kawaida, akapaka rangi. Mjuzi haangalii mpini tu. Anapima mtutu na kulinganisha nambari, na uongo unajitenga.

Sasa nije kwenye maoni yangu. Kuna wanaosema kuwa shuleni si mahali pa kuzungumzia bastola, kwa sababu bastola zinaua. Nakubaliana nao kwamba silaha si kitu cha kuchezea. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala bastola bila cheti. Tena risasi ya zamani iliyolala ardhini inaweza kulipuka mkononi. Ukiiona, usiiguse, usiipige jiwe. Mwambie chifu au polisi. Lakini mkoba wa ngozi, kifungo cha shaba, chupa ya maji ya askari au barua ya zamani haviui mtu. Hivyo ndivyo vilivyo majumbani mwetu, na hivyo ndivyo tunavyoviharibu.

Wengine husema, "Si vitu vya Wazungu hivyo? Vita vilikuwa vyao." La hasha! Waliobeba mizigo ya vita hivyo walikuwa babu zetu. Hesabu rasmi ya Waingereza yenyewe inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na wanahistoria wanaamini idadi kamili ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Jenerali ana picha, vitabu na sanamu. Mpagazi aliyerudi Taveta ana mkoba mmoja ukutani na binti yake mzee anayeikumbuka habari yake. Mjomba alipomtaja jenerali, alimfuta babu yake mwenyewe kwenye hadithi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa hizo pesa.

Na kwa upande wa pesa pia, ukweli ungetufaa zaidi. Mkoba mchafu wenye chapa yake na maelezo ya nyanya yaliyoandikwa ungemfanya yule mgeni akae kitini. Tazameni mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg ulioko Fort Jesus, Mombasa. Watu huusimamia na kuutazama kwa sababu inajulikana ulitoka meli gani, na kwamba meli hiyo ilizamia katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Ungekuwa hauna habari hizo, ungekuwa chuma chakavu tu.

Msidhani sheria itatufanyia kazi yote. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inahesabu kuwa cha kale kile kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Mkoba wetu umekosa kwa miaka kama ishirini hivi. Vitu vya vita vya 1914 hadi 1918 hulindwa tu iwapo waziri atavitangaza rasmi, na waziri hajui kilichoko ukutani kwa nyanya yangu. Mimi najua.

Kwa hivyo napendekeza kwa chama chetu na kwa mwalimu wetu mlezi tufungue daftari moja. Kila mwanachama akienda likizo amuulize babu au nyanya kuhusu kitu kimoja cha zamani kilichoko nyumbani. Aandike nani alikipata, wapi, mwaka gani, na ni nani anayesimulia. Asipojua, aache nafasi wazi, asijaze kwa uongo. Kitu chenyewe akifute vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Sabuni, rangi na nailoni zikae mbali. Tena afanye haraka, kwa maana wenye habari hizi wanazidi kuzeeka.

Mimi nimekwisha kuanza. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu kutoka kinywani mwa nyanya, pamoja na habari ya kusuguliwa kwa mkoba, nani aliusugua na lini, kwa sababu hiyo nayo sasa ni sehemu ya historia yake. Nilipomsomea, nyanya alinisahihisha mahali pawili. Kisha akaniambia niurudishe mkoba pale pale ukutani, na ugoro wake ndani.