Dhahabu ya Sekenke na Kusalimu Amri
Mwanafunzi wa Shelui, mkoani Singida, aliyesoma msingi kwa Kiswahili kisha akaingia sekondari ambako masomo mengi husomeshwa kwa Kiingereza, hulihifadhi neno zito la kusalimu amri bila kulifahamu, ilhali maana yake i jirani naye, Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, kabla kamanda wao, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, hajasalimu amri na kuweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusitishwa Ulaya. Naam, mwalimu na aanzie hapo, wala asiwasahau wapagazi wa vita hivyo, waliofariki kwa maelfu njiani, mizigo ingali mabegani.