Taa ya Jua kwa Malipo ya Kila Siku: Ni Biashara au Riba?

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana ni la mafundi na wafanyabiashara peke yao. Nalo ni ununuzi wa paneli na betri za umeme wa jua kwa matumizi ya nyumbani, hasa ule wa kulipa kidogo kidogo kwa njia ya simu. Jambo hili limekwisha ingia katika nyumba zetu, na pamoja nalo umeingia mkataba ambao wengi wetu tunaukubali kwa kubonyeza namba bila kuusoma.

Haja ya umeme wa jua haina ubishi. Wakazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa mwezi mzima wa giza ulioanza Mei 2008, wala ile miezi mitatu ya kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, pale kisiwa kilipokosa umeme wa kutoka Bara, maji yakasimama, na mwenye jenereta akawa tajiri wa mtaa. Waya mpya wa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja 2013. Bara nako tumepita katika mgao wa 2006, wa 2011 na ule uliotusumbua tena 2022 na 2023. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, umeme kujaa bwawani ni jambo moja, na kufika jikoni kwa mjane aishiye ndani ya mashamba, mbali na nguzo ya mwisho, ni jambo jingine. Hata aliye mjini, mwenye luku ukutani, hujikuta gizani laini ikikatika.

Wakati huo huo bei imeshuka kwa namna ambayo miaka ishirini iliyopita isingesadikika. Mwaka 2008 viwanda vilikuwa vikiuza wati moja ya paneli kwa zaidi ya dola 3 za Marekani. Kufikia 2024 viwanda vya China vilikuwa vikiiuza kwa senti 10 hivi. Betri za lithiamu nazo, ambazo mwaka 2010 zilizidi dola 1,000 kwa kila uwezo wa kuhifadhi yuniti moja ya umeme, zilifikia wastani wa dola 115 hivi duniani mwaka 2024. Bila shaka bei ya dukani Kariakoo au Darajani si bei ya kiwandani. Kuna meli, kuna ushuru, kuna faida ya kila mkono uliopitia. Lakini mwelekeo hauna shaka.

Sasa basi, tatizo la familia ya kipato kidogo si bei ya jua, bali ni kupata fedha zote kwa mara moja. Hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya kulipia taa kila siku. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, iliwezekana kukusanya shilingi chache kutoka kwa watu wengi bila kumtuma mdai mlangoni. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza kwa njia hiyo nchini Kenya mwaka 2012, na kule Arusha kampuni ya Off Grid Electric, ambayo baadaye iliitwa Zola, ikafuata njia inayofanana. Mteja hutoa kianzio, hufungiwa paneli, betri na taa, kisha hulipa kwa simu kila siku au kila wiki. Akilipa, kifaa hufunguka. Asipolipa, kifaa hujifunga na nyumba hubaki na giza ingawa jua linawaka juu ya bati.

Swali linaloulizwa na wengi ni hili: vifaa ambavyo taslimu vingeuzwa 400,000, kwa mkopo vinafika 510,000. Je, hiyo 110,000 ya ziada si riba?

Jibu la wanazuoni walio wengi ni kwamba ziada hiyo peke yake si riba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC), lililijadili suala la kuuza kwa awamu katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, Machi 1990. Lilikubali kwamba muuzaji anaweza kutaja bei ya taslimu na bei ya mkopo, mradi wawili hao waafikiane bei moja kabla ya kuachana, na muda wa malipo ujulikane. Mnunuzi ananunua bidhaa, si fedha kwa fedha. Kianzio cha 60,000 na 1,500 kwa siku kwa siku 300 ni 510,000, na haiongezeki. Hiyo ni biashara.

Lakini Baraza hilo hilo liliweka mipaka, na hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie. Kwanza, halikuruhusu mkataba uandike bei ya taslimu upande mmoja na riba ya muda upande wa pili, kwa hesabu ya asilimia inayofungamana na siku. Na kubwa zaidi, halikuruhusu deni liongezeke mdaiwa anapochelewa, iwe imeitwa faini, ada ya usumbufu au jina jingine lolote. Ongezeko la deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba ya zama za ujahilia yenyewe. Kwa hiyo mwenye kutaka kununua na aulize swali moja tu la wazi: nikikosa kulipa kwa wiki mbili, jumla yangu itabaki 510,000 au itapanda? Ikiwa siku zinasogezwa mbele na jumla haibadiliki, hatuoni kizuizi. Ikiwa inapanda, aondoke.

Kisha kuna suala la umiliki, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kwa mujibu wa uamuzi ule wa Jeddah, muuzaji akishauza kwa awamu hana haki ya kujibakizia umiliki wa bidhaa. Anachoweza ni kushartisha iwe rehani ya deni lake. Angalieni sasa mikataba iliyopo. Mingine inasema paneli ni mali ya kampuni hadi shilingi ya mwisho. Hiyo si sura ya mauzo. Inakaribia ukodishaji unaoishia kwenye umiliki, nao una hukumu zake, mojawapo ikiwa kwamba mali ikiharibika bila uzembe wa mpangaji, hasara ni ya mwenye mali. Kampuni haiwezi kuwa mwenye mali siku ya kudai na kuwa muuzaji siku ambayo betri imekufa.

Na kule kujifunga kwa kifaa? Sisi si mamufti, na jambo hili linastahiki fatwa ya wajuzi. Tunaloliona ni kwamba likiwa ni rehani iliyokubaliwa tangu mwanzo, kukizuia kifaa kwa anayeweza kulipa na akapuuza kuna hoja. Lakini Suratul Baqara, aya ya 280, imeagiza mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa. Mashine haijui kutofautisha mkaidi na mgonjwa. Je, mkataba una mlango wa kumsikiliza aliyefiwa na mumewe, ambaye yumo ndani ya eda na taa imezimika? Hilo ni swali la kuwauliza wauzaji, na misikiti yetu ingeweza kuliuliza kwa sauti moja kuliko kila mtu kivyake.

Tukiwa hapo hapo kwenye eda, kuna jambo la nyumbani ambalo tumeliona likileta ugomvi. Mkataba huandikwa kwa jina la baba, kwa kuwa laini ya simu ni yake. Anayelipa kila siku ni mama, kutokana na vitumbua au ususi wa ukili. Baba anapofariki, paneli inaingia katika mirathi na kugawanywa kwa warithi wote, na fedha ya mama haionekani popote. Vivyo hivyo katika talaka. Sheria yetu inatambua mali ya mke kuwa ni yake, lakini haiwezi kuitambua isiyo na ushahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi na yaandikwe majina ya kweli ya wenye kulipa. Na ikiwa baba amefariki na deni limebaki, litolewe kwanza katika mali yake kabla ya kugawa.

Upande wa pili wa haki ni kipimo. Suratul Mutaffifin inawaonya wapunjao katika vipimo, na wati ni kipimo kama ilivyo kilo. Sokoni kuna paneli zilizobandikwa karatasi yenye wati zisizokuwamo. Kuigundua hakuhitaji mtaalamu. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Jua kali la adhuhuri humimina takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za leo hugeuza kati ya asilimia 20 na 23 tu kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60, hata iwe bora namna gani, haifiki wati 140. Ikiwa imeandikwa 300, muuzaji anadanganya au amedanganywa.

Na familia ijue mahitaji yake kabla ya kwenda dukani. Paneli ya kweli ya wati 100, kwa jua la pwani la saa tano hivi za nguvu kamili na baada ya kupungua kwa joto, vumbi na nyaya, hutoa kama wati-saa 350 kwa siku. Taa nne za wati 5 kwa saa tano zinakula 100. Televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa nne inakula 80. Feni ya wati 15 usiku mzima wa saa nane inakula 120. Simu tatu na redio zinamaliza zilizobaki. Pasi haimo, wala jiko la umeme. Anayeahidi hayo kwa paneli moja anauza maneno.

Betri ndiyo inayowaliza wengi. Ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa mkupuo mmoja, si kunyonywa usiku kucha, na ikitumiwa hivyo hufa mapema. Betri ya risasi na asidi iliyotengenezwa kwa sola isishushwe chini ya nusu. Ya lithiamu-chuma-fosfeti ni ghali siku ya kununua, lakini hutumika karibu yote na hustahimili maelfu ya kuchajiwa. Maskini akinunua rahisi mara tatu, amelipa zaidi ya tajiri.

Mkopo wa kampuni pia si mlango pekee. Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyouza sana Tanzania, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2019 kabla ya kununuliwa na kampuni ya Ufaransa, Engie. Mteja ambaye taa yake inategemea namba za kampuni ana haki ya kuuliza itakuwaje kampuni ikianguka. Kinamama wa mitaa yetu, kwa upande wao, wana upatu tangu zamani. Kumi na wawili wakitoa 35,000 kila mwezi wanapata 420,000, na kila mwezi nyumba moja inanunua taslimu. Mwaka ukiisha zote zina taa, pasipo ziada wala kifaa cha kujifunga. Fundi naye anapatikana karibu: kule Kinyasini, Unguja, Chuo cha Barefoot kimekuwa kikifundisha wanawake wa vijijini, baadhi yao wasiosoma sana, kufunga na kutengeneza mitambo hii. Kinachobaki ni kuafikiana nani atangulie, na nani atamlipia aliyekwisha pokea kisha akashindwa kuendelea. Nalo ni la kuandikwa, mbele ya mashahidi, kabla ya mchango wa kwanza.