Trei za mayai zinaondoka, mtoto haoni jioni

Ndugu mkulima, leo sina habari ya mbolea. Leo tugombane kidogo.

Nilipita kwenye kaya moja jioni. Magunia ya mahindi yamejaa hadi kwenye kenchi, trei mbili za mayai zinasubiri bodaboda. Mtoto wa miaka mitatu anapapasa ukuta kutafuta mlango, na giza halijaingia vizuri. Bibi yake akasema karogwa.

Hajarogwa! Anakula ugali wa sembe na maharage, asubuhi uji, kesho vilevile. Mahindi meupe karibu hayana vitamini A kabisa. Mtoto wa namna hii apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, siyo kwa mganga, maana ikichelewa jicho huharibika moja kwa moja. Na usiniambie alipata matone ya Juni na Desemba. Hayo ni msaada. Siku nyingine zote anakula kwako.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa mnavidharau, eti vya watoto. Sawa, basi wapeni hao watoto! Gramu 125 tu, kiazi kidogo kimoja, zinatosha mahitaji yake ya siku. Chemsha na maganda, funika sufuria, mpe pamoja na karanga au mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta vitamini hiyo haiingii mwilini vizuri. Ukivikausha, anika kivulini. Jua kali huipoteza. Na matembele siyo ya mbuzi peke yake.

Wewe mwenye genge unayesema havina soko, uliviweka mezani lini? Biskuti hukosi.

Mayai uza, sijakataza. Lakini trei ina mayai 30; ukibakiza matano utafilisika? Papai nalo linauzwa lote, kisha hela inanunua soda. Hapo ndipo mnaponiudhi.

Na sisi maafisa ugani hatujasalimika. Tunakuja na daftari, tunahesabu magunia kwa ekari, tunaondoka bila kuuliza sahani ya mtoto ina nini. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi.

Marando ya Kabode na Mataya yapo. Mvua zikianza pita ofisi ya kata na gunia tupu, nikuelekeze kwa wanaozalisha. Robo ya robo ekari karibu na nyumba inatosha kuanzia.